Kuiombea Kompyuta Inayoishi Ndani ya Kompyuta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa vituo vya kazi za mikono, pole na ngazi. Tumekuona ulivyosimama katikati ukajifanya unatazama picha ukutani. Pale hakuna picha, kuna alama ya maji tu, lakini tumekuelewa, maana hata sisi husimama hapo hapo tukiwa na mafurushi ya vitambaa kichwani. Mtaalamu wa mitambo uliyefuatana naye, pole na wewe. Viongozi, majirani mliokuja kwa mwaliko, na nyinyi mliovutwa na harufu ya chakula, wote mmefika.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu Chumba cha Juu. Kiti ulichopewa ndicho pekee ambacho miguu yake minne inaelewana, kwa hiyo kaa kwa amani. Waliokalia vingine tunawaomba wasiegemee.

Wakubwa wengi huishia ghorofa ya chini, wakatuma salamu. Wewe umepanda, na kwa hilo tayari umetushinda. Tulikuwa tumejiandaa kulalamika kwamba hamfiki.

Pale mlangoni tulikusikia ukiuliza kwa sauti ya chini kwa nini mwenzetu mmoja hakusimama kwenye mstari wa kukupokea. Hakukudharau, Mheshimiwa. Ni yule aliyekaa karibu na dirisha, mbele ya kompyuta. Mkono wake wa kulia haunyanyuki vizuri, na akisimama sana mguu unamsaliti. Tunamwita Mama Kasuku. Risala hii tumeiandika sote, tumegombana sote juu ya kila mstari, lakini ukitusikiliza vizuri utaona kwamba ni risala yake.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza na sindano za mkono. Tulitarizi mashuka ya maharusi, foronya, na majina ya watoto kwenye blanketi. Kisha kiwanda kimoja cha sare kikafunga milango, na mashine yake ya kutarizi ikaja kwetu, kubwa kama kitanda cha mtoto, pamoja na kompyuta yake. Viwili hivyo vilikuwa kama mke na mume waliozeeka pamoja. Mashine haikusikia maneno ya mtu mwingine yeyote ila ya programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ile. Mchoro unachorwa kwenye kioo, unapita kwenye waya, mashine inashona. Ukiitenganisha na mwenzake, inakaa kimya kama imenuna.

Sote tuliiogopa. Mama Haraka, ambaye hufanya kila kitu kabla hajakifikiria, aliisogelea, ikatoa mlio, akarudi nyuma hadi kwenye kabati. Mama Kasuku ndiye aliyevuta kiti akakaa. Wakati huo alikuwa na maneno. Jina lile hakupewa bure. Aliongea na wateja, aliongea na mashine, uzi ukikatika aliusemesha: "Wewe nawe, nani amekuudhi?" Siku akichelewa kuja tulikuwa tunasikia sindano zikianguka sakafuni, na ukimya wenyewe ukatuchosha.

Halafu kiharusi kikamwangukia akiwa anachemsha maji ya chai.

Tulimpelekea matunda. Tulimpa maneno ya kumtia moyo. Lakini chini kwa chini, Mheshimiwa, kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kumzika kama fundi. Mkono wa kulia ulilala kwenye paja lake kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie. Maneno yalimjia moja moja, na mengine yalifika njiani yakarudi. Binti yake alikuwa anamkalisha dirishani asubuhi, na jioni akirudi kutoka kazini anamkuta pale pale, macho yametulia kwenye barabara ambayo haimhusu.

Siku moja binti yule akampandisha huku juu, mgongoni, ngazi zote. Alisema, "Mama zangu, hawezi kazi, najua. Mwacheni tu akae asikie kelele." Tukamweka kwenye kiti cha kompyuta kwa sababu ndicho kilichokuwa kitupu. Tukarudi kwenye porojo zetu.

Yeye akatazama kioo. Akakiona kipanya kiko upande wa kulia, upande uliokufa. Akavusha mkono wa kushoto, akakivuta kikaja kwake. Mkono huo maisha yake yote ulikuwa wa kushika kitambaa tu, usaidie, usijifanye fundi. Sasa ukaanza kusogea. Ulipinda, ukarudi, ukapinda tena. Tulipogeuka, kulikuwa na ua kwenye kioo. Si ua zuri sana, tusidanganyane. Petali moja ilikuwa nene kuliko nyingine. Lakini mashine ilipopelekewa, haikuuliza limechorwa na mkono gani. Ililishona tu. Mama Kasuku akaletewa kitambaa, akaligusa lile ua kwa kidole, akasema neno lililokuwa la kwanza kueleweka na wote tangu augue: "Langu."

Tangu siku hiyo, kila nembo ya shule unayoiona kwenye masweta ya mtaa huu, kila ua la shuka, kila herufi yenye mkia, imetoka kwenye mkono ule wa kushoto. Sisi wengine tunakata, tunapiga pasi na kusifiwa.

SIKU ILIPOTOA MOSHI

Kompyuta ile ilikuwa imekula chumvi nyingi. Siku moja ilikohoa, ikatoa moshi mwembamba mgongoni, kioo kikawa cheusi. Mama Haraka alikimbilia ndoo ya maji.

"Usimwage!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Ni umeme huo!"

"Sasa inaungua nifanyeje, niiimbie?"

Mama Kasuku hakusogea. Alibaki ameshika kipanya, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa aliyekwisha kukata roho, na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia aachie.

Ofisi yako, Mheshimiwa, ilikuwa imetupatia kompyuta mpya, na tunashukuru kwa moyo mweupe. Ni nzuri, ina rangi, inaleta barua pepe, na wateja hututumia picha za nembo humo. Mfumo endeshi wake, yaani ile roho inayoiongoza kompyuta na kuamua nini kifanye kazi na nini kisifanye, ni wa kisasa. Shida ni kwamba programu ya zamani haikukubali kuishi chini ya mfumo huo. Na nakala chache za michoro tulizokuwa nazo, tulipozifungua kwa programu mpya, nembo ya shule ikatoka kama uzi uliochezewa na paka. Mama Kasuku alitazama simba wa nembo ambaye sasa alikuwa na mguu unaotokea sikioni, akageuza uso.

Kesho yake hakuja. Binti yake alitupigia simu: "Amerudi kukaa dirishani. Jamani, mama akirudi kukaa, atakwisha. Mimi namjua."

NYUMBA MBILI

Hapo ndipo tulipomwita Shemeji. Huyu ni fundi wa kompyuta wa barabara ya pili, aliyemwoa mdogo wake Mwenyekiti wetu. Tangu aoe, kikundi kizima kimemgeuza shemeji, na amekwisha kujifunza kwamba kukataa kazi yetu ni kukosa amani nyumbani kwake.

Alifungua kompyuta iliyokufa, akatoa diski yake, akainusa, akasema, "Mwili umekufa, lakini kumbukumbu ni nzima." Mheshimiwa, kitu chembamba kama kitabu cha sala, na ndani yake miaka yote ya mkono ule!

Kwanza akanakili kila kitu pembeni, asije akaharibu. Kisha akaigawa diski ya kompyuta mpya mafungu mawili. Fungu moja likabaki na mfumo mpya, lingine akauweka ule wa zamani. Ukiwasha kompyuta, unatokea ukurasa mweusi wenye majina mawili, na wewe unachagua unaingia wapi.

"Nimeelewa," Mwenyekiti akasema. "Ni mwanamume mwenye nyumba mbili."

"Mimi nina moja," Shemeji akajitetea haraka.

"Hatukusemi wewe. Bado."

Lakini ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Akiwa nyumba hii, ile nyingine taa zimezimwa. Na tusiwe watu wa kulaumu tu: popote alipo, yupo mzima. Mfumo unaoingia unapata nguvu yote ya kompyuta, haugawani na mtu. Mwenye kazi nzito ya mfumo mmoja, tunamshauri afanye hivyo hivyo.

Kwetu sisi ulikuwa mtihani. Ule ukurasa mweusi haukusubiri. Usipochagua upesi, wenyewe unakwenda kwenye mfumo mpya. Na kikundi chetu kina desturi: asubuhi hakuna anayegusa kitu mpaka tumesalimiana sote, na salamu zetu si za kutupiana kama mawe. Unaulizwa mgongo, unaulizwa wajukuu, unaulizwa lile jipu. Mtu akibonyeza kitufe katikati ya salamu, amekosa adabu. Kwa hiyo kila siku tulimaliza kujuliana hali tukakuta kompyuta imekwisha kujiamulia. Tunaizima, tunaiwasha tena, na mara ya pili anaingia aliyechelewa, naye lazima asalimiwe.

Tena mteja akituma nembo, picha yake iko nyumba ya mfumo mpya. Mama Kasuku anafunga kazi, anazima, anawasha, anaitazama nembo, anaikariri kichwani, anazima, anawasha, anarudi kuchora. Kwa kichwa kilichopigwa na kiharusi, Mheshimiwa, kukariri simba mwenye ngao na vitabu viwili ni kumbebesha mtu gunia. Mara nyingi alirudi akakaa mbele ya kioo, macho yamefumbwa, anamtafuta simba.

Kisha siku moja mfumo mpya ukajisasisha wenyewe, kama unavyofanya, bila kuomba ruhusa. Tulipowasha, ukurasa mweusi haukuja. Jina moja tu ndilo lililobaki, na si letu. Shemeji alituambia baadaye kwamba nyumba ya mfumo wa zamani haikubomolewa, ni njia tu ya kuifikia iliyofutwa. Lakini Mama Kasuku hakujua hilo. Alijua kwamba jina lilikuwepo jana na leo halipo. Alinyoosha kidole mahali lilipokuwa linatokea, akakishika kioo kitupu. Akasema, "Tena?"

Hilo neno lilituvunja kuliko moshi.

NYUMBA NDANI YA NYUMBA

Shemeji alikuja akiwa na uso wa mtu aliyefokewa njia nzima na mkewe. Alikaa kazini hadi chai yake ikashika utando. Akasema safari hii hagawi kitu. Ile kompyuta ya zamani yote, mfumo wake, programu yake, michoro yake, ataifanya faili moja.

"Faili moja?" akauliza Mama Haraka. "Kama barua?"

"Kama barua."

"Na kompyuta yote imo?"

"Yote."

"Na vumbi lake?"

"Mama Haraka, niache nifanye kazi."

Wanaiita mashine pepe. Pepe kwa sababu ipo na haipo: inafanya kazi kama mashine kamili, lakini huwezi kuikumbatia wala kuibeba. Sisi tulidhani ni maneno ya kutupamba ili tusubiri. Basi akabonyeza. Katikati ya kioo cha kompyuta mpya, huku barua pepe zikiendelea kuingia pembeni, likafunguka dirisha. Dirisha likawa jeusi. Yakapita maandishi meupe, yale yale, kwa mwendo ule ule wa kizee. Kisha ukalia ule mlio wa kuamka ambao hatukuwa tumeusikia tangu ukurasa mweusi ulipopotea, na likatokea ua la njano, picha ambayo Mama Kasuku aliiweka mwenyewe kwenye kioo cha zamani kabla hajaugua.

Mheshimiwa, tumezaa, tumezika, tumeona mengi. Jambo kama lile hatukuwahi kuliona. Mwenyekiti, anayependa kusema kila jambo linapotokea na kabla halijatokea, alikaa chini. Kompyuta hai, imeamka ndani ya tumbo la nyingine, na aliyeibeba haumwi, wala hajui! Mama Haraka alijishika tumbo lake mwenyewe.

Mama Kasuku alifanya jambo ambalo hatutalisahau. Aliinama, kwa shida, akachungulia chini ya meza. Pale ndipo lilipokuwa limewekwa lile boksi la zamani, tupu, tumelifanya kigoda cha kuwekea koni za uzi. Akalikuta limekaa kimya na uzi wake kichwani. Akainuka akakitazama kioo, akainama tena akalitazama boksi. Maiti iko chini ya meza, na mwenyewe yuko juu anapepesa macho.

"Imefufuka?" akauliza.

Shemeji akachuchumaa karibu naye. Shemeji ni mtani, lakini saa ile hakutania.

"Haijafufuka, Mama. Inaota. Inaota kwamba ina mwili wake. Ikiuliza, diski yangu iko wapi, inaonyeshwa kipande cha faili, inaridhika. Ikiuliza, kumbukumbu yangu iko wapi, inamegewa kidogo ya mwenye nyumba, hii kompyuta mpya. Kioo chake ni hilo dirisha. Vyote ni vya kuazima, lakini yenyewe haijui tofauti. Na kazi yake ni ya kweli."

Mama Kasuku alifikiri. Tuliyaona maneno yanavyopanda, yanasitasita, yanaendelea. Aliunyanyua mkono wa kushoto, ule ambao ulipewa kazi ya wa kulia bila kuulizwa.

"Kama... mimi," akasema. Akacheka. Na sisi tukacheka, huku tunafutana machozi kwa vipande vya kitambaa cha mteja.

MAFANIKIO

Siku hizi nembo ya mteja inakaa upande mmoja wa kioo, na dirisha la mashine pepe upande wa pili. Mama Kasuku anamtazama simba kwa jicho hili, anamchora kwa jicho lile. Hakariri tena. Salamu zetu tunazimaliza hadi jipu la mwisho, na kompyuta inatusubiri kwa adabu.

Kubwa zaidi ni hili. Shemeji alituonyesha kwamba mashine pepe inaweza kupigwa picha ilivyo, nzima, na ukiharibu kitu unairudisha pale ilipokuwa ulipopiga picha. Yaani asubuhi iliyopita ikarudi, imekaa kama ilivyokaa! Tulimwomba aturudishie na ujana wetu, akasema hakuupiga picha. Ni kosa letu, tungemwozesha mapema.

YANAYOTUSUMBUA

Hatutaki kukuficha, Mheshimiwa, maana mtaalamu wako angeyaona mwenyewe.

Kompyuta ni moja na walaji ni wawili. Mwenye nyumba akila sana kumbukumbu, mpangaji analala njaa, na michoro mikubwa inakwenda kwa kujikokota. Waya wa mashine ya kutarizi nao ukichomekwa, mwenye nyumba anaudaka kwanza, mpaka umnyang'anye umpe aliye ndani. Na kuna siku kipanya kiliingia ndani ya lile dirisha kikakataa kutoka. Mama Haraka alikitikisa, akakipuliza, akakiita kwa kukisihi, mpaka Mama Kasuku akanyoosha kidole kimoja kwenye kitufe kinachokiachia, bila hata kugeuza shingo.

Lakini kosa letu kubwa lilikuwa la kishonaji. Sisi ni watu wa kufumua. Mshono ukienda kombo unafumua, unashona upya, maisha yanaendelea. Tulipopewa ile picha ya kurudi nyuma, tukaona ndiyo sindano ya kufumulia. Basi siku moja Mama Haraka alikosea herufi moja kwenye jina la bwana harusi. Herufi moja tu! Akairudisha mashine kwenye picha ya asubuhi. Herufi ikafutika. Ikafutika pia nembo ya chuo ambayo Mama Kasuku alikuwa ameishughulikia tangu asubuhi, mabawa ya tai na manyoya yake yote, akiwa ameondoka kidogo kwenda kunawa uso.

Aliporudi akakuta hakuna tai. Mama Haraka alianza kulia kabla hajaulizwa. "Dada, nimefumua. Nilifumua herufi, sikujua nafumua na siku."

Mama Kasuku akamgonga begani kwa kile kiganja cha kushoto, kwa nguvu iliyozidi kidogo ile inayohitajika, akakaa. Akaanza bawa la kwanza upya. Tangu hapo tumejua: picha ile hairudishi uzi mmoja, inarudisha nguo nzima. Na kila mchoro ukikamilika unatolewa nje ya dirisha, unahifadhiwa kwa mwenye nyumba, ambako picha haifiki.

OMBI

Mheshimiwa, agizo lako tumelisoma, na kilichokupandisha huku juu leo tunakijua. Kompyuta zote za vituo zifutwe kabisa, ziwekewe mfumo mmoja mpya, leo leo kabla hujaondoka. Tumekwisha kukiona kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha kufanyia kazi hiyo, kwenye mfuko wa shati la mtaalamu wako. Anakigusa kila mara, kama bwana harusi anayeogopa kupoteza pete.

Hatubishani naye. Alitueleza kwa upole, na alichosema ni kweli. Ule mfumo wa zamani umeachwa na waliouunda. Hakuna tena anayeziba matundu yake, na mwizi akipitia humo anaweza kuingia kituo kizima. Lakini yule aliye ndani ya dirisha amekatiwa mtandao. Hatoki nje, haletewi barua, hajui hata kama dunia ina habari mpya. Vinavyoingia na kutoka ni michoro, kupitia folda moja tu. Tunamwomba mtaalamu aikague folda hiyo anavyotaka. Akiona tundu, alizibe, sisi tutamshikia tochi. Akitaka mwenye nyumba awe huo mfumo mpya aliokuja nao, na awe; faili la mpangaji litahamishwa pembeni, kisha litarudishwa chini ya paa jipya. Halidai paa fulani. Ndiyo maajabu yake.

Hatuombi kompyuta nyingine. Tukipata kumbukumbu ya kuiongezea hii, tutashukuru. Tusipopata, tutaendelea kujikokota, tumezoea. Tunaloliomba ni mstari mmoja kwenye agizo lako: faili moja, katika chumba kimoja, lisifutwe.

Tulimwuliza Mama Kasuku anataka tukuambie nini. Alichukua muda mrefu sana, tukadhani amesinzia. Akasema, "Aone."

Basi tumefanya hivi. Leo hatujaiwasha mashine pepe. Kiti kilicho kando ya Mama Kasuku ni chako, na tumekifuta vumbi. Tunaomba kidole chako ndicho kibonyeze. Ukishabonyeza utasubiri kidogo, maana ina uzee wake. Na itakapoanza kuamka, Mheshimiwa, tunakusihi usikitazame kioo. Mtazame yeye usoni.

Ukishamtazama, agizo ni lako. Ukisema ibaki, tutapiga vigelegele hadi ghorofa ya chini wadhani kuna harusi. Ukisema ifutwe, hatutakushika mkono wala hatutakusema ukishaondoka, ingawa kwa hilo la pili tutajitahidi tu. Ila kwa heshima zote, hapo tutamwomba mtaalamu akupe kile kijiti, uifanye kazi hiyo mwenyewe, ukiwa umekaa pale pale karibu naye.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akulindie nyumba yako na wote walio ndani yake, na akupe siku nyingi za kufanya kazi unayoipenda kwa mkono wowote utakaobaki nao.

Simama sasa, Mheshimiwa. Anakusubiri.

Ni sisi,
Mafundi wa Kutarizi wa Chumba cha Juu.